Perth: stesheni iliyojengwa juu ya kinamasi cha Bi Balbuk, na fimbo yake iliyogeuka nguzo ya daraja

#1 MpandaTreni
Wakuu salaam.

Naishi Perth, magharibi ya Australia, huu mwaka wa saba. Kazi yangu ni ya zamu, kwa hiyo stesheni ya katikati ya mji naipita saa ambazo wenzangu wamelala. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza chini ya ile zege kulikuwa na nini. Nimeanza kusoma juzijuzi tu, na nawaletea hapa kwa sababu nikiwasimulia watu wa kazini wanaitikia kwa adabu halafu wanarudi kwenye simu zao.

Iko hivi. Pale penye stesheni palikuwa na maji. Kaskazini ya mto kulikuwa na mlolongo wa maziwa madogo na vinamasi, na wenyeji wa hapa, Wanoongar wa kundi la Whadjuk, ambao mahali hapa wanapaita Boorloo, walikuwa wakitoa humo kamba wa maji baridi, kobe, ndege na mizizi ya kula. Waingereza walianzisha koloni mwaka 1829. Wakakausha maziwa, wakalima bustani, na 1881 stesheni ikafunguliwa.

Sasa kulikuwa na mama mmoja, Fanny Balbuk. Alizaliwa yapata 1840 kwenye kisiwa cha Matagarup, hapo hapo mtoni. Njia yake kutoka kisiwani mpaka kwenye kinamasi ilikuwa moja tangu utoto, imenyooka. Mji ukaota juu ya njia hiyo. Bi Balbuk hakuhama njia. Akikuta uzio, anaubomoa kwa fimbo yake ya kuchimbia mizizi. Akikuta nyumba, anapanda ngazi, anapita vyumbani, anatokea nyuma, safari inaendelea. Alikuwa pia akisimama getini kwa gavana na kuwaporomoshea matusi waliomo ndani, kwa sababu bibi yake alizikwa kwenye ule uwanja. Haya yaliandikwa na Daisy Bates, mwanamke wa Kizungu aliyekusanya habari nyingi za Wanoongar (ana lawama zake, na si ndogo, ila kwa hili alitutunzia). Balbuk alifariki 1907.

Bibi yangu wa Kondoa naye alikuwa na ugomvi kama huo kuhusu njia ya kisimani, tofauti ni kwamba yeye alikatiza uani kwa watu akipiga hodi.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Mwishoni mwa 2024 lilifunguliwa daraja la waenda kwa miguu na baiskeli, linaitwa Boorloo Bridge. Kwa kweli ni madaraja mawili, na yanakutana kwenye kisiwa kilekile cha Matagarup, ambacho kwenye ramani utakiona kwa jina la Heirisson Island. Ni madaraja ya kuning'inizwa kwa nyaya, yale yenye nguzo ndefu. Nguzo za upande mmoja zimepinda kama kylie, yaani bumerangi. Nguzo ya upande mwingine ni wanna, ile fimbo ya kuchimbia. Za kwanza ni kwa heshima ya Yagan, ya pili ni kwa heshima ya Balbuk.

Yaani fimbo iliyokuwa ikibomoa nyua za watu sasa ndiyo inayobeba daraja. Haijachorwa ukutani wala haijabandikwa. Ukiing'oa, daraja liko majini.

Mimi nimevutiwa, sifichi. Ila sijui kama nina haki ya kuvutiwa. Karibuni.

#2 Kinyonga07
Umeandika vizuri mkuu, lakini nikuulize: mtu akuchukulie shamba, halafu miaka mia na hamsini baadaye akuwekee sanamu ya jembe lako getini. Utashukuru?

#3 Mgeni_Mpya
Picha basi jamani. Uzi wa sanaa bila picha.

#4 Babu_Kalenga
Mwanangu MpandaTreni, huyu Yagan umempita mbio. Ni nani?

#5 MpandaTreni
Shikamoo babu. Samahani, nilihofia uzi kuwa mrefu.

Yagan alikuwa mpiganaji wa Kinoongar. Aliuawa 1833 kwa risasi, wauaji wakitaka donge lililotangazwa na serikali ya koloni. Kichwa chake kilikatwa, kikakaushwa kwa moshi, kikapelekwa Uingereza, kikaishia kwenye jumba la makumbusho la Liverpool. Mwaka 1964 kikafukiwa kwenye makaburi ya huko. Wazee wa Kinoongar walikifuatilia miaka mingi mpaka kikafukuliwa 1993 na kurudishwa 1997. Kilizikwa rasmi 2010, Upper Swan.

Kuna sanamu yake ya shaba hapo Matagarup tangu 1984. Mwaka ule ule wa 1997, kichwa cha kweli kilivyorudi tu, wasiojulikana wakaikata kichwa ile sanamu. Ikatengenezwa. Wakaikata tena.

#6 Babu_Kalenga
Marahaba. Hapo umenigusa. Sisi Wahehe la kichwa hatuhitaji kufafanuliwa. Fuvu la Mkwawa lilitoka Kalenga 1898 likarudi 1954, na sisi tulikuwa na bahati kwamba Mwingereza alimchukia Mjerumani, akaona faida kuturudishia. Hawa wenzetu waliyemdai ndiye huyohuyo aliyewatawala.

Ila uliza swali moja kwa niaba yangu: hao wazee waliitwa lini kwenye hilo daraja? Kabla ya mchoro au siku ya kukata utepe?

#7 Nyundo_na_Zege
Swali la babu ndilo lenyewe. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, nimefanya barabara na stesheni, niwape picha ya ndani.

Mradi wowote mkubwa una hatua. Kuna wakati mchoro bado ni mwepesi, unaweza kusogeza nguzo mita kumi na hakuna anayelia. Halafu kuna wakati chuma kimeshaagizwa. Msanii akiletwa hatua ya pili anapewa kilichobaki: ukuta wa nyuma, kibanda cha umeme, upande wa ngazi ambao hakuna anayeutazama. Hapo ndipo unapata michoro ya kubandika. Nguzo ya daraja kuwa fimbo ya mama huyo maana yake mtu alikaa na wazee kabla hesabu ya uzito haijafungwa. Nyaya zinavuta upande, upepo unasukuma, nguzo iliyolala inataka msingi wa aina yake. Huwezi kuja mwishoni na kusema "jamani hebu ipindeni kidogo".

Kwa hiyo kwa jicho la fundi, aliyoyasema MpandaTreni kuhusu kung'oa ni sahihi. Kwamba haki imetendeka, hilo zege haliwezi kulijibu.

Nani analipia huko?

#8 MpandaTreni
Jimbo hili lina utaratibu tangu 1989: serikali ikijenga jengo la zaidi ya dola milioni 2, hadi asilimia 1 ya gharama ya ujenzi inatengwa kwa ajili ya sanaa. Kwenye reli, ule mpango wa kupanua mtandao wa treni, Metronet, una mkakati wake wa kushirikiana na Wanoongar unaoitwa Gnarla Biddi, yaani "njia zetu". Biddi ni njia ya miguu. Neno hilohilo la njia ya Bi Balbuk wanalitumia leo kwenye makaratasi ya reli.

Babu, kuhusu wazee: kwenye daraja walikuwepo tangu usanifu, na jina lenyewe la Boorloo ni lao. Uwanja wa Yagan hapa stesheni, uliofunguliwa 2018 baada ya reli ya Fremantle kuzamishwa chini, nao ulifanywa kwa kushirikiana na wazee. Kuna sanamu ya mita 9 inaitwa Wirin, maana yake roho, kazi ya Tjyllyungoo, msanii wa Kinoongar. Na kuna mnara wenye nguzo 14 kwa ajili ya makundi 14 ya lugha ya Kinoongar, umbo lake likitoa kumbukumbu ya matete yaliyokuwa kwenye maziwa yale yaliyokaushwa.

Niseme na la upande wa pili, nisije nikaonekana mpiga debe: biashara za hapo uwanjani zilidoda, maduka mengi yakafungwa. Saa nne usiku ninapopita, Wirin amesimama peke yake na walinzi wawili.

#9 BintiLikoni
Hamjambo ndugu zangu. Mie niko Melbourne, na huku mambo haya yamejaa kila pembe, wacha niwape ya kwetu.

Kwanza tramu. Kila mwaka tramu kadhaa huvalishwa kazi za wasanii, na tangu 2021 wasanii hao ni wenyeji wa asili. Zapendeza, lakini hiyo ni nguo tu, mwaka ukiisha yavuliwa. Kama zile ndege za shirika la Qantas zilizoanza kupakwa michoro yao tangu 1994.

Pili ni hili handaki jipya la treni, Metro Tunnel, lililofunguliwa mwisho wa 2025, stesheni tano chini ya ardhi. Msanii Maree Clarke, ambaye jamaa zake ni watu wa huku kusini-mashariki, ametia nyayo za wanyama wa nchi hii sakafuni, stesheni zote tano. Kazi yenyewe yaitwa Tracks. Si picha ya kutazama, ni kitu cha kukanyaga. Na stesheni ya State Library ina vioo vikubwa vya Danie Mellor vyenye sura za wanawake wa kienyeji, waonekana kama wametangulia kufika kabla ya treni.

Lakini nipendalo mie ni la zamani: daraja la William Barak, la waenda kwa miguu, lajengwa 2006 kwa michezo ya Jumuiya ya Madola, kutoka mjini hadi uwanja wa kriketi. Barak alikuwa mzee wa Wurundjeri, wenyeji wa asili wa Melbourne. Yeye na watu wake waliwekwa mahali paitwapo Coranderrk, na serikali ilipotaka kupafunga, alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 50 kuja mjini kudai. Si mara moja. Sasa mtu aliyetembea hivyo kupewa daraja la miguu, na si barabara ya magari, hapo mtu alifikiri.

Kwenye daraja hilo paliwekwa sauti. Ukivuka wasikia watu wakiimba, wahamiaji wa huku kutoka nchi 53 za Jumuiya, na katikati pale wasikia makaribisho ya Kiwurundjeri. Kenya, Tanzania na Uganda zote zilikuwa ndani ya hizo 53. Kwa hivyo mahali fulani kwenye lile daraja yupo mtu wa kwetu aliimbia wapita njia, na aliyemkaribisha ni mwenye nchi.

#10 Kinyonga07
Dada BintiLikoni, jimbo lako hilohilo. Niambie habari za barabara ya Western Highway karibu na Ararat.

Wadjab Wurrung, wenyeji wa asili wa huko, walipiga kambi tangu 2018 kulinda miti mikubwa ya kale, miti wanayosema wanawake wao walijifungulia. Barabara ilitakiwa kupanuliwa. Oktoba 2020, wakati Melbourne bado iko kwenye karantini ya korona, mti mmoja waliouita wa kuelekeza njia ukakatwa kwa msumeno. Serikali ikasema haumo kwenye orodha ya miti iliyokubaliwa kuhifadhiwa.

Kwa hiyo kwenye handaki wanachora nyayo, na kwenye barabara wanakata mti wenye nyayo. Serikali moja. Ndiyo maana nasema hizi ni rangi za kucha.

#11 BintiLikoni
Sina la kukukanusha. Mie nilikuwa ndani kwa ile karantini, habari ile niliiona kwenye simu na sikulala vyema. Ila aliyeukata mti si Maree Clarke. Tusimtwishe msanii mzigo wa waziri.

#12 Kinyonga07
Msanii hajatwishwa. Nimeuliza kazi yake inafunika nini.

#13 Mwana_Bukavu
Bandugu, mimi niko Sydney, niongeze ya huku.

Metro mpya ilifunguliwa Agosti 2024, inapita chini ya bahari. Stesheni moja walikuwa wanaiita Pitt Street, wakabadilisha ikawa Gadigal, jina la wenye udongo. Sawa. Stesheni nyingine ni Waterloo. Hapo kuna kazi ya Nicole Monks, mama wa Yamaji Wajarri, inaitwa Footprints on Gadigal Nura, maana yake nyayo juu ya nchi ya Gadigal. Nzuri kabisa, mimi huwa nasimama.

Sasa sikilizeni. Waterloo na Redfern ndiyo mahali Waaborijini, yaani wenyeji wa asili, wa Sydney walijikusanya, wengi walikuja kufanya kazi kwenye karakana za reli za Eveleigh. Siku serikali inatangaza ile stesheni, Desemba 2015, ilitangaza pamoja na kuvunja nyumba za serikali za Waterloo na kujenga upya. Wanasema wapangaji wana haki ya kurudi. Jirani yangu wa hapo, mama mzee, ananiambia: nyayo zimewekwa ukutani, miguu inaambiwa ifunge mizigo.

Halafu ile bendera juu ya daraja la Harbour Bridge. Serikali ilisema nguzo ya tatu, ya kupandisha bendera ya Waaborijini, itagharimu dola milioni 25. Watu wakapiga kelele, 2022 wakaamua kushusha bendera ya jimbo na kupandisha ya Waaborijini palepale. Kumbe nguzo ilikuwepo siku zote.

#14 Dada_Rangi
Hiyo ya mama mzee nimeisoma mara tatu.

Mimi ni mchoraji, Dar. Naomba nirekebishe kitu kabla watu hawajaenda kugugo na kuleta picha za nukta. Wengi mkisikia sanaa ya Waaborijini mnawaza nukta nukta. Zile za rangi za akriliki zilianza Papunya, jangwani katikati ya nchi, 1971. Perth si jangwani na Melbourne si jangwani. Kusini-mashariki jadi yao ni mistari na umbo la almasi, walichonga kwenye ngao na kukwangua upande wa ndani wa ngozi za kujifunika. Mkandarasi akichukua nukta akaweka kwenye stesheni ya Melbourne amefanya kama kuchora tingatinga kwenye kaburi la Mmakonde halafu aseme "si vyote vya Tanzania?" Tingatinga yenyewe ni ya 1968, Mzee Edward Saidi alianzia Oysterbay. Karibu umri mmoja na zile nukta, na zote mbili watalii wanadhani ni za enzi za mawe.

La pili ni ruhusa. Kule mchoro ni sawa na shamba la ukoo, una wenyewe. 1966 Australia ilipotoa noti ya dola moja walitumia mchoro wa David Malangi wa Arnhem Land, kaskazini ya nchi, bila kumuuliza. Baadaye ndiyo wakamtafuta, wakampa dola 1,000, nishani na vifaa vya kuvulia. Kwa hiyo nikisikia wazee waliitwa tangu usanifu, naona wametoka mbali. Wametoka mbali, sijasema wamefika.

Mkuu Nyundo, zile nyayo za sakafuni zinatengenezwaje zisiishe?

#15 Nyundo_na_Zege
Kwa ujumla, maana ile kazi yenyewe sijaigusa: unachora umbo, unakata jiwe au chuma kwa mashine ya kompyuta, unalaza ndani ya sakafu halafu unasaga vyote pamoja mpaka viwe usawa mmoja, kama terazo. Isizidi hata milimita mbili, mtu atajikwaa. Isiteleze ikilowa. Isikatize vile vigae vya vinundu vinavyowaongoza wasioona. Na isikae kwenye maungio ambako sakafu inapumua kwa joto, itapasuka. Chini ya ardhi kuna sharti jingine, hakuna kitu kinachoshika moto, kwa hiyo mbao na ngozi zote nje. Msanii mwenye jadi ya ngozi na matete inabidi atafsiri kila kitu kwenda kwenye jiwe, kioo na alumini. Hapo akikosa fundi msikivu kazi inakufa.

Kwenye kuta za kuzuia kelele barabarani ni rahisi zaidi. Unaweka nakshi kwenye ile fomu kabla ya kumwaga zege, ukifungua, nakshi imo. Haibanduki wala haifubai.

#16 Mgeni_Mpya
Bado nasubiri picha.

#17 Babu_Kalenga
Kinyonga, nimekufuatilia. Una hoja na usiiache. Lakini mimi nilipokuwa mdogo nilipelekwa kuona lile fuvu, na sikupelekwa na mtu aliyekuwa akinifundisha kusamehe. Nilipelekwa nijue lilikuwa limeondoka. Kama hizo nguzo zinamfanya mtoto aulize "kwa nini daraja lina fimbo?", na aliye naye ana jibu, basi hiyo fimbo bado inabomoa uzio.

Shida ni kama aliye naye hana jibu. Mwanangu MpandaTreni, kuna maandishi pale?

#18 MpandaTreni
Babu, nimeenda leo baada ya zamu, kwa ajili ya swali lako.

Nilifika kama saa kumi na mbili asubuhi, nikaanzia upande wa mjini. Wapo wakimbiaji na baiskeli nyingi, hakuna anayetazama juu. Mimi nikasimama katikati nikawa nawazuia njia. Mzee mmoja wa Kinoongar alikuwa amekaa upande wa kisiwani na mbwa wake. Nikamsalimia, nikamwita Uncle, ndivyo wanavyowaita wazee huku hata kama si ndugu yako, na mama unamwita Aunty. Nikamuuliza kuhusu wanna. Akaniuliza kwanza mimi ni wa wapi na bibi yangu alikuwa nani. Nikamwambia Kondoa, nikamwambia na habari ya kisimani.

Alicheka sana. Akanionyesha kwa mkono mstari kutoka pale tulipokaa mpaka upande wa stesheni, akisogeza kidole taratibu kukwepa magorofa, halafu akaghairi, akakirudisha na kukipitisha katikati ya magorofa.

Picha hizo hapo chini, Mgeni. Ya tatu ina kidole chake, ameniruhusu. Uso hapana.

#19 Kinyonga07
Mkuu hiyo picha ya tatu ni kubwa kuliko ya daraja.

#20 BintiLikoni
Mie jana nimempitisha mwanangu stesheni ya Town Hall, moja ya zile tano za handaki, ana miaka minne. Alikanyaga nyayo moja, akarudi nyuma, akaniuliza kama huyo kuku mkubwa alilipa nauli. Watu waliokuwa nyuma yetu wamechelewa treni kwa sababu yake.

#21 Mgeni_Mpya
Asante kwa picha. Swali: ukitokea stesheni kwa miguu mpaka darajani ni dakika ngapi?

#22 MpandaTreni
Kama nusu saa ukifuata barabara. Ukipita alikopita Bi Balbuk ni pungufu, ila kuna geti la gavana.